Nyumba Uwanjani: Familia, Lugha na Sanaa ya Kijamii, kutoka Kamirithu hadi Munyaka

UTANGULIZI

Wahakiki wetu wamezoea kuitazama sanaa ya kijamii kwa njia mbili. Kundi la kwanza huitazama kama siasa: humwuliza msanii yuko upande wa tabaka gani, na likishajibiwa huridhika. Kundi la pili huitazama kama dawa: huhesabu ni wanakijiji wangapi waliohudhuria mchezo uliohusu ulevi, malezi au uzazi, kisha huandika kwamba ujumbe umefika. Makundi haya huonekana kupingana, lakini yanafanana katika jambo moja. Yote mawili hudhani kwamba maudhui yalikuwa tayari kabla ya mchezo, na kwamba fani ilikuwa chombo tu cha kuyasafirishia.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba dhana hiyo haitoshi, hasa pale ambapo jambo linaloigizwa ni maisha ya nyumbani. Matatizo ya familia hayamfikii msanii yakiwa yamekwisha kupangwa kama hoja. Humfikia kama siri, kama mzaha, kama ugomvi wa usiku uliosikika kwa jirani. Yeyote anayeyaandika bila wenyewe huyaandika vibaya, hata awe na nia njema kiasi gani. Kwa hiyo hoja yetu ni hii: sanaa ya kijamii huifaa familia pale inapowapa watu wa familia hiyo uwezo wa kuisahihisha kauli inayosemwa juu yao, tena mbele ya majirani. Ikiwa ndivyo, basi lugha ya mchezo ni sharti la kwanza la kazi yenyewe, maana hakuna awezaye kusahihisha kauli katika lugha asiyoimiliki.

Tutaichunguza hoja hii kwa kutazama Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, kisha Malya, Mwanza, miaka ya 1982 na 1983. Mwishoni tutauliza mafunzo ya mahali hapo pawili yana maana gani kwa Munyaka, makazi yaliyo kando ya Eldoret, ambako watu wengi bado huishi kwa taratibu za kijiji ingawa mji umekwisha kuwafikia mlangoni.

KAMIRITHU: TAMTHILIA YA FAMILIA

Historia ya Kamirithu inajulikana, kwa hiyo tutaigusia kwa ufupi. Kijiji hicho kilitokana na Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu kwa nguvu katika vijiji vipya. Mwaka 1976 wanakijiji walikifufua kituo chao cha elimu na utamaduni, wakaanza na kisomo cha watu wazima. Kutoka katika kisomo waliingia katika uigizaji. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, Kimani Gecau akawa mwelekezi, na maonyesho yakafunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Novemba ya mwaka huo huo kibali kilifutwa. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini, akafunguliwa Desemba 1978. Kundi lilipojaribu tena kwa mchezo wa Maitũ Njugĩra lilizuiwa, na Machi 1982 ukumbi wa wazi wa kijiji ukabomolewa.

Historia hii ni nzito, na uzito wake umeifunika tamthilia. Katika vyuo vya ng'ambo, ambako mwandishi wa makala haya alisomea shahada yake ya uzamili, Ngaahika Ndeenda husomwa kwa tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1982. Aghalabu mjadala huanza na kizuizi na kuishia kwenye kizuizi. Kinachosahaulika ni kwamba mchezo huu, kabla ya kuwa jambo la dola, ni mchezo wa nyumba moja.

Tuitazame nyumba hiyo. Kĩgũũnda ni mfanyakazi wa shambani mwenye ekari moja na nusu tu ya ardhi. Hati ya kipande hicho ameihifadhi kama watu wengine wahifadhivyo picha ya mzazi. Yeye na mkewe Wangeci wanatazamia wageni matajiri, Kĩoi na mkewe Jezebel, nao wanadhani ziara hiyo ni ya kuja kumposa binti yao Gathoni kwa ajili ya John, mtoto wa tajiri. Kumbe wageni wamekuja na jambo jingine: wanawataka Kĩgũũnda na Wangeci wafunge ndoa ya kanisani, kwa kuwa ile waliyofunga kimila haihesabiki. Ili kupata gharama za harusi hiyo Kĩgũũnda anaiweka rehani hati ya ardhi. Gathoni anapata mimba na kukataliwa na John, ardhi inapotea, na baba anaishia katika ulevi.

Kila tukio la uchumi katika mchezo huu limepita ndani ya jambo la kifamilia: posa, ndoa, mimba, heshima ya mama mbele ya wageni. Mhakiki akisema kwamba mchezo unahusu unyonyaji amesema kweli, lakini amesema nusu. Kĩgũũnda hanyonywi shambani peke yake. Ananyonywa katika tamaa yake ya kumwona binti yake ameolewa vyema, yaani katika jambo lile lile analolipenda. Ndiyo sababu mtazamaji anaweza kumcheka na kumwonea huruma kwa wakati mmoja.

Hata jina la mchezo lina habari hiyo ndani yake. Katika Kikuyu, kitenzi cha mwanamke kufunga ndoa si kile cha mwanamume, kama ilivyo kwetu kuolewa na kuoa. Jina Ngaahika Ndeenda limetumia kitenzi cha mwanamke, ingawa katika mchezo wimbo huo huimbwa na mlevi mwanamume. Kiingereza, ambacho kina kitenzi kimoja kwa wote wawili, kimeufuta utani huo. Kiswahili kimeuhifadhi: Nitaolewa Nikipenda. Msomaji wa Kiswahili anapoliona jina hili anasikia papo hapo sauti ya msichana anayedai hiari ya nafsi yake. Kisha mchezo unamwonyesha Gathoni, ambaye hiari hiyo ndiyo asiyokuwa nayo. Huu ni mfano mdogo, lakini unatuonyesha kwamba mambo ya familia hukaa katika sarufi ya lugha kabla hayajakaa katika maudhui.

MAZOEZI KAMA KAZI YENYEWE

Jambo la pili la kuzingatia ni namna mchezo ulivyotengenezwa. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza habari hizo katika Detained (1981) na Decolonising the Mind (1986). Mazoezi yalifanywa hadharani, kwa kawaida Jumamosi na Jumapili alasiri, ili yasigongane na kazi za watu. Ukumbi wenye nafasi za watu zaidi ya elfu mbili ulibuniwa na kujengwa na wanakijiji, ambao walianza kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini, wakatengeneza kielelezo kidogo, kisha wakajenga. Na mswada wenyewe ulisahihishwa: wazee walieleza mzee asemavyo mbele ya vijana, wanawake waliojua gĩtiiro, ule ushindani wa nyimbo za harusi baina ya pande mbili, walionyesha namna upande mmoja unavyouliza na wa pili unavyojibu, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu walieleza kazi yao inavyokwenda.

Hapa ndipo tunapoona faida ya kweli kwa familia. Mara nyingi tunauliza: mchezo ulipoonyeshwa, watazamaji walijifunza nini? Swali hilo limechelewa. Mambo mengi yalikwisha kutokea kabla ya siku ya kwanza ya maonyesho. Mama aliyemsahihisha mwandishi juu ya namna Wangeci angemjibu mumewe amekwisha kutoa hadharani rai yake juu ya ndoa, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anatangaza siri za nyumba yake, kwani alikuwa akimzungumzia Wangeci. Mhusika alimpa kivuli cha kusemea. Ngũgĩ anasimulia pia kwamba wakati wa mazoezi watu walijiwekea nidhamu, hata ulevi ukapungua. Hatuna haja ya kulichukulia jambo hilo kuwa muujiza. Watu waliokuwa na kazi ya pamoja Jumamosi na Jumapili, kazi iliyowahitaji wakiwa na akili timamu na mbele ya wake, waume na watoto wao, walikuwa na sababu ya kutolewa.

MALYA: NANI ANALICHAGUA TATIZO?

Mfano wa pili ni wa Malya, katika wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Mnamo 1982 na 1983 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji wa huko. Hawakuja na mchezo mkononi. Walianza kwa kuzungumza na watu, na matatizo mengi yakatajwa kabla ya moja kuchaguliwa: mimba za wasichana wasioolewa. Fani iliyotumika ilikuwa ya wenyeji, ikiwamo ngoma ya wigashe ya Wasukuma.

Uchaguzi huo wa fani unastahili kufikiriwa. Neno "mimba" linaposemwa na afisa katika mkutano wa hadhara, huwa lawama kwa msichana. Wazazi hutikisa vichwa, wavulana hutazama chini, na mkutano hufungwa. Linapoimbwa katika ngoma ambayo vijana wenyewe ndio waimbaji wake, haliwezi kubaki kuwa kosa la mmoja, kwa sababu ngoma inahitaji mwitikio. Aliyeitika amekubali kwamba jambo linamhusu. Kwa njia hii fani imefanya kazi ambayo hotuba isingeweza: imeugawa mzigo wa swali baina ya waliopo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mwaka 1982, alipokuwa akiingia katika kazi ya Malya, Penina Mlama, ambaye katika uandishi wa tamthilia anajulikana kwa jina la Penina Muhando, alitoa Nguzo Mama. Katika tamthilia hiyo wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo na wanashindwa, kwa kuwa kila mmoja anavutwa na shida ya nyumba yake na kwa kuwa hawasikilizani. Kazi hizi mbili husomwa mbalimbali, moja kama fasihi andishi na ya pili kama maendeleo ya jamii. Mwandishi wa makala haya anaonelea kwamba zinajibizana. Nguzo Mama inaeleza kwa nini umoja wa kijiji huvunjika: huvunjika mlangoni mwa kila nyumba. Malya ni jaribio la kuanzia hapo hapo mlangoni.

Hata hivyo, Malya inatuachia swali. Walioanzisha mazungumzo walikuwa wageni waliotoka chuo kikuu, na mgeni huondoka. Tofauti na Kamirithu, ambako waandishi walikuwa na makao yao pale pale Limuru, njia ya Malya hutegemea uwezo wa wenyeji kuendelea baada ya gari la chuo kuondoka. Udhaifu huu umekuzwa sana na vikundi vingi vya siku hizi vinavyoigiza kwa malipo ya wafadhili. Hapo tatizo limechaguliwa ofisini, ujumbe umekwisha kuandikwa, na kilichobaki kwa mwanakijiji ni kupiga makofi. Vikundi hivyo huvaa nguo za Malya bila kuwa na mwili wake.

MUNYAKA: TATIZO LA LUGHA NA JIRANI

Sasa tuje Munyaka. Jina lenyewe ni la Kikuyu na maana yake ni bahati. Wakazi wake wengi ni wa jamii ya Wakikuyu, lakini wako Uasin Gishu, nchi ambayo wengi wa wenyeji wake ni Wakalenjin, na mjini Eldoret wanakutana na Waluhya, Wajaluo na wengineo. Eldoret ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na mashamba ya kandokando yake yanazidi kukatwa kuwa ploti. Familia inayopanda mahindi nyuma ya nyumba huwa na kijana anayeendesha bodaboda mjini na mama anayeuza mboga sokoni. Ndiyo hali ya kijiji kilichomo ndani ya mji.

Kuna historia nyingine isiyoweza kurukwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, eneo la Eldoret lilikuwa miongoni mwa yaliyoumia zaidi. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto watu wakiwa ndani, na maelfu ya waliofukuzwa makwao walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho wa mji. Munyaka nayo iliguswa na machafuko hayo. Katika Bonde la Ufa ndoa za makabila mawili ziliingia katika mtihani mgumu: mume huku, wakwe kule, na watoto katikati.

Tukitaka sanaa ya kijamii izifae familia za mahali kama hapa, je, tuichukue Ngaahika Ndeenda tuiigize Munyaka? Kwa maoni yetu hapana, na sababu ziko mbili.

Sababu ya kwanza ni ya maudhui. Limuru, hati ya Kĩgũũnda inatishiwa na Kĩoi, tajiri wa jamii yake mwenyewe, na mtazamaji maskini anajua adui wake ni nani. Uasin Gishu, hati ya ardhi ina maana nyingine. Ile karatasi ambayo nyumba moja inaiona kuwa jasho la babu, nyumba jirani huweza kuiona kuwa ushahidi wa dhuluma. Mwaka 2008 aliyechoma na aliyechomewa waliweza kuwa maskini wote wawili. Uchambuzi wa kitabaka ungali na kazi ya kufanya hapa, maana yafaa kuuliza ni nani aliyefaidika kwa maskini kupigana. Lakini hauwezi kuingia uwanjani ukiwa umefungwa kama kifurushi kilichotoka Limuru. Lazima uanze na hati mbili, nyumba mbili.

Sababu ya pili ni ya lugha, na ndiyo inayotuhusu zaidi sisi walimu wa Kiswahili. Ngũgĩ alishikilia hadi kufariki kwake Mei 2025 kwamba mwandishi wa Kiafrika arudi katika lugha ya mama. Kamirithu ilimpa haki ya kusema hivyo, kwa sababu pale lugha ya mama ilikuwa pia lugha ya uwanja: wote waliokuwa na haki ya kusahihisha mchezo waliimiliki. Munyaka lugha ya mama na lugha ya uwanja si moja. Mchezo wa Kikuyu juu ya maisha ya nyumbani utasahihishwa na upande mmoja wa ua tu, na mkwe Mkalenjin ataketi kama mgeni katika mchezo unaomhusu. Zaidi ya hayo, maneno yenyewe yana historia. Neno nyũmba katika Kikuyu huweza kuipanua familia hadi ikawa kabila zima, nyumba ya Mũmbi. Katika siku za uchaguzi upanuzi huo si wa kishairi tu, ni mwito. Katika Kiswahili, nyumba inaweza kubaki ile yenye mlango, jiko na watoto. Kwa kazi tunayoizungumzia, ufinyu huo ni neema.

Kwa hiyo somo la Kamirithu, likifasiriwa kwa roho yake badala ya herufi yake, linaelekea kwenye Kiswahili pale Munyaka. Somo hilo ni kwamba mchezo uwe katika lugha ambayo wote wanaohusika wanaweza kuipinga.

JE, KISWAHILI KINAWEZA KUINGIA NYUMBANI?

Hapa tutaulizwa swali la haki. Je, Kiswahili si lugha ya ofisi, ya kituo cha polisi na ya mtihani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini sheria haiifanyi lugha kuwa ya kulalia na kuamkia. Wapo watakaosema kwamba Mkikuyu au Mkalenjin hagombani na mkewe kwa Kiswahili.

Jibu ni kwamba katika nyumba nyingi za Eldoret wanagombana nacho, hasa pale baba na mama walipotoka lugha mbili. Lakini Kiswahili wanachogombana nacho sicho tunachokifundisha. Tuchukue mfano mmoja. Mhusika akisema, "Bibi yangu amenuna tangu jana," mtazamaji wa Munyaka anajua kwamba mke amekasirika, naye anangoja kusikia mume alifanya nini. Msikilizaji wa Unguja au wa Dar es Salaam huenda akamfikiria kwanza mama mzaa mama. Mwalimu aliyelelewa katika usanifu atachukua kalamu nyekundu aandike "mke wangu". Kalamu hiyo itakuwa imeharibu zaidi ya neno moja. Itakuwa imemwambia yule mtu kwamba hata ndani ya nyumba yake kuna mwenye lugha anayemzidi, na kuanzia hapo hatasahihisha tena kauli yoyote. Ataketi kimya kama aketivyo mbele ya afisa.

Hatusemi usanifu hauna kazi. Una kazi kubwa katika vitabu, mahakama na jarida hili lenyewe. Tunalosema ni kwamba katika mazoezi ya sanaa ya kijamii mamlaka ya lugha ni lazima yawe kwa wahusika, la sivyo tutakuwa tumewanyang'anya kile tulichodai kuwapa. Mtaalamu aandike wanavyosema, na akitaka kuuliza aulize: "Mama yako angelisemaje hili?" Swali hilo lina manufaa zaidi kwa isimu yetu kuliko masahihisho mia, kwa sababu litatuletea istilahi za ukoo, za utani na za kuombana radhi jinsi zinavyotumika katika Kiswahili cha bara, ambacho kamusi zetu bado zinakitendea kama mtoto wa kambo.

Fani nayo ipo tayari, hatuhitaji kuiagiza. Mkutano wa chama cha akina mama una mpangilio wa kuigiza ndani yake: mwenyeji, zamu, wimbo wa kukaribisha, hesabu inayosomwa kwa sauti, na baada ya chai, mazungumzo ambayo hayamo katika ajenda. Sherehe za posa za Wakikuyu na za Wakalenjin zote mbili zina wasemaji wa pande mbili wanaojibizana kwa mafumbo. Anayetaka kuigiza habari za nyumba mbili na hati mbili amekwisha kupewa umbo: pande mbili zimeketi, kila upande una msemaji, na hakuna atakayeondoka kabla neno halijapatikana. Kilichobaki ni lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa.

HITIMISHO

Kutokana na tuliyoyachunguza, mhakiki wa sanaa ya kijamii anaweza kuongozwa na maswali matatu. Nani alilichagua tatizo? Nani aliweza kuibadili kauli ya mchezo, na kwa lugha gani? Fani iliyotumika iliugawa mzigo wa swali, au ilimtwisha mtu mmoja, kwa kawaida msichana au mama? Mchezo unaoshindwa katika maswali haya unaweza kuwa na ujumbe mzuri kabisa na bado usiifae nyumba yoyote.

Kwa idara zetu za Kiswahili jambo hili lina dai lake. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984 karibu na Eldoret, na wanafunzi wa Kiswahili waliopita hapo wamechambua tamthilia nyingi zilizoandikwa Nairobi na Dar es Salaam. Ni haki kuwataka baadhi yao washuke Munyaka alasiri ya Jumamosi, wakae nyuma, wasikilize mama mmoja akimwambia mwigizaji kwamba mwanamke aliyekosewa hasemi hivyo, kisha waandike alivyosema. Uhakiki wetu ukiweza kulipokea neno hilo bila kulisahihisha, utakuwa umeanza kufanya kazi ambayo kwa miaka mingi umekuwa ukiisifu kwa mbali.